Mwambie Daktari

Jumanne, 3 Juni

Nyakitonto tena. Baridi asubuhi, vumbi mchana. Shule zimefungwa, kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili amegeuka mkalimani. Daktari anasema kwa Kiswahili, mimi naweka kwa Kiha, wazee wanatikisa vichwa, tunahamia kitongoji kingine.

Kazi yenyewe ni hii. Watafiti wanataka kujua unene wa watoto wa huku unafanya nini ndani ya damu. Wamepima viuno, sukari, presha. Wamepima na kitu kingine kisichoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna nyuzi zilizobeba urithi wa mtu, na ncha za nyuzi hizo zina kinga yake. Seli ikijigawa, kinga inapungua kidogo. Kwa watoto wanene mara nyingi hukutwa fupi kuliko ya wenzao.

Karatasi iliyotoka mjini iliziita ncha hizo "vikomo". Aliyechagua neno hilo hajawahi kusimama mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni. Kiha hakina neno lake, nikaliacha kama lilivyo. Mama mmoja akauliza kama nina maana kwamba mwanawe ana kikomo cha kuishi. Kabla sijajibu, nusu ya mkutano ilikuwa imeshasimama na watoto wao.

Sasa nasema pindo. Kanga mpya ukiivaa bila kuipiga pindo, kila ukiifua inaachia nyuzi. Haichaniki siku hiyo. Inaliwa pembeni tu. Wanaelewa mara moja. Natembea na kanga moja kwenye mfuko, haina pindo, naishika ncha nawaonyesha. Ni ya Editha, mke wangu. Aliinunua mwaka jana kabla ya kulazwa, akaikata, hakuwahi kuishona. Daktari hajui. Nikiishika sihisi kitu. Nimejaribu.

Mkalimani hana maneno yake. Mtu akisema "mimi", nami nasema "mimi", na simaanishi mimi. Kazi nzuri kwa mtu wa hali yangu.

Jioni chai ya rangi na mkate.

Jumamosi, 7 Juni

Yusta amefika na basi la Kibondo. Likizo. Anaishi kule kwa bibi yake tangu tulipomzika mama yake. Mabukwe, yaani mama mkwe wangu, alimshika mkono pale pale makaburini, akasema mtoto wa kike hawezi kulelewa na mwanamume anayehesabu chai kuwa mlo. Sikukataa. Sikuwa na nguvu ya kukataa wala ya kukubali.

Amenenepa tena. Sare aliyoshonewa Januari haifungi. Ana miaka kumi na mmoja na anahema akipanda ngazi za duka la Mama Salma, jirani yangu. Mama Salma akapiga makofi, akasema mtoto ana afya huyu. Ndivyo tunavyosema. Nimefundisha lugha hii miaka yote sijawahi kulitazama neno hilo. Afya ni unene. Mgonjwa ni aliyekonda. Anayesema vingine ana wivu.

Mzigo kutoka kwa mabukwe: ndizi zilizopikwa kwa mawese, maandazi ndoo ndogo, asali, karanga, chupa za soda zimefungwa kwenye kanzu kuukuu zisivunjike. Tumekula. Yaani Yusta amekula.

Alikuwa amejifunga mtandio shingoni na jua limewaka. Nikamwambia auvue. Akageukia ukuta. Nyuma ya shingo pamekuwa peusi, ngozi nene yenye mikunjo, na juu ya weusi michubuko. Bibi anamsugua kwa jiwe la kusugulia miguu kila Jumamosi. Uchafu hautoki. Nikamrudishia mtandio wake.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Nimeambiwa nimebarikiwa. Mwanamke mmoja wa kwaya akamfinya Yusta shavu, akasema msiba haujamgusa huyu. Nikasema asante. Mchana nimelala na viatu.

Alhamisi, 12 Juni

Nilimpeleka Yusta kazini kwa sababu hakuna wa kubaki naye. Akakaa kwenye benchi, anakata karatasi kwa mkasi wa ofisi. Daktari akapita nyuma yake mara ya kwanza. Mara ya pili akasimama. Ni mama mtu mzima, wa Moshi, hapendi maneno mengi. Akamwomba Yusta ruhusa, akashusha mtandio kwa vidole viwili.

Akaniuliza nani anamsugua mtoto.

Nikamweleza. Akangoja Yusta atoke nje. Kisha akasema ule si uchafu. Mwili unatoa homoni ya kushusha sukari, na viungo vimeanza kutoisikiliza, basi mwili unatoa zaidi na zaidi. Ngozi ya shingo na ya kwapa inaitikia wingi huo. Inakuwa nyeusi na nene. Unaweza kusugua mpaka damu itoke, weusi utabaki, kwa sababu unatoka ndani.

Kesho tuje bila kula.

Ijumaa, 13 Juni

Sukari ya Yusta haijafika kwenye ugonjwa. Imesimama mlangoni. Hayo ni maneno ya daktari. Presha iko juu kidogo kwa umri wake. Kiuno kipana.

Editha naye alisimama mlangoni, hatukujua ni mlango. Tulidhani ni uchovu. Alipoanza kukonda ndipo watu walipoogopa, na wakati huo alikuwa ameshaingia ndani.

Damu ya Yusta ilichukuliwa shuleni kwake Kibondo mwezi Machi pamoja na ya wenzake. Kwa hiyo pindo lake linajulikana. Nikaliulizia. Daktari akasema hawatoi jibu hilo kwa mtoto mmoja mmoja, maana halimwambii mzazi la kufanya. Nikamwomba kama baba. Akasema ni miongoni mwa mafupi.

Akanikataza kulibeba vibaya. Pindo si kalenda. Halisemi mtoto ataishi hadi lini. Wenye mapindo mafupi wanazeeka, wenye marefu wanakufa. Unene unakwenda pamoja na ufupi wake, lakini huzuni nayo imeonekana kwenda pamoja nao, na usingizi mbaya, na mengine. Kipi kinatangulia kipi, bado wanabishana. La kufanya liko kwenye sahani, miguuni, na kwenye usingizi.

Siku zote hizi nimewaambia watu maneno hayo hayo kwa Kiha. Leo nimeyasikia. Nilitegemea nitatetemeka. Nilijibu sawa, nikaenda kufunga vyombo.

Jumatatu, 16 Juni

Tunatembea. Asubuhi hadi sokoni, jioni hadi bondeni kwenye bustani za mboga. Yusta anasimama kila kilima. Hanilaumu. Soda nimezipeleka kwa Mama Salma aziuze. Maandazi nimegawa.

Nilimweleza kuhusu shingo, kifupi, jinsi daktari alivyonieleza. Tulikuwa tunavuka daraja la mbao. Akaendelea kutembea. Upande wa pili akasema, "Kumbe mimi si mchafu."

Nikatangulia kupanda kilima. Nilipaswa kujibu.

Leo mtandio ameuacha kwenye msumari.

Jumatano, 25 Juni

Mabukwe anapiga simu kila jioni. Swali ni moja: mtoto amekula? Najibu amekula, mama. Ananiuliza ameshiba? Najibu ameshiba, mama. Halafu salamu kwa majirani, basi.

Shule zitafunguliwa Julai, na Yusta atarudi kule. Kwenye sufuria ile ile, kwenye jiwe lile lile. Mtu anapaswa kumwambia mabukwe, na mtu huyo si mimi. Kwetu mkwe hamkosoi mama mkwe. Chakula chake hakikataliwi, hata ukiwa umeshiba unaonja. Mwili hautajwi kabisa, wake wala wa watu wake. Tangu nioe sijawahi kumtazama usoni zaidi ya kupepesa. Nimesimama mbele ya vijiji vizima nikaeleza mambo ya seli, na siwezi kumwambia mwanamke mmoja apunguze mafuta.

Ningeweza kumzuia Yusta abaki kwangu. Nimelifikiria. Nikafikiria pia mabukwe akila peke yake. Na mimi nyumbani naingia jioni, sipiki, siongei. Mtoto asingenenepa hapa. Angekauka.

Mama Salma aliuliza kwa nini maandazi yanagawiwa. Nikamwambia kidogo. Akasema mficha maradhi, mwalimu, akaishia hapo. Watu wa asili ya pwani wana tabia ya kukuachia methali nusu uimalizie mwenyewe usiku.

Jumapili, 29 Juni

Nimemtuma Bosco, mdogo wake Editha. Anauza vitenge soko la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mwana anaweza kumwambia mama yake chochote. Nimemfundisha maneno. Akayarudia vizuri, kasuku. Amesema Jumatatu anapanda Kibondo kufuata mzigo.

Alhamisi, 3 Julai

Bosco ameharibu.

Alimwambia mama yake kwamba pindo la Yusta limekuwa fupi. Mabukwe akauliza fupi ndiyo nini. Bosco akasema linapunguapungua. Mengine aliyasahau, au aliogopa, alikuwa ameshawekewa chakula. Mabukwe ameelewa kitu kimoja: mtoto anapungua.

Leo umefika mzigo na basi. Jogoo hai. Sukari. Kopo kubwa la siagi. Mawese dumu. Na ujumbe kwa kinywa cha kondakta, mbele ya abiria wote: mwambie baba yake amlishe, mtoto anapungua nami naambiwa na mjumbe.

Nina hasira. Nimeiangalia hasira hiyo kwa makini kwa sababu sijaiona siku nyingi. Ilikaa kama nusu ya safari ya kutoka stendi, ikaondoka.

Jogoo anawika jikoni.

Jumamosi, 5 Julai

Kibondo.

Leo ilikuwa zamu ya kurudisha majibu kwa wazazi wa huku. Nilikuja na gari la watafiti, Yusta pembeni yangu na begi lake la shule. Mkutano ulikuwa shuleni, mabukwe hakutokea. Daktari akasema tutamfuata nyumbani, kama wanavyofanya kwa kila mlezi asiyefika. Hapo ndipo nilipoiona njia. Sikumwomba daktari chochote. Nilimwambia tu kwamba mama huyu Kiha chake ni kizuri kuliko Kiswahili, na kwamba mle ndani mimi nitakuwa mkalimani.

Mabukwe alimkumbatia Yusta, akamshika mikono yote miwili juu, akaipima. Uso ukaanguka. Amepungua kweli. Akatandika mkeka, akamletea daktari kiti, mimi kigoda karibu na mlango, mahali pa mkwe. Zikaja soda, moja ya kila mtu. Nikatazama sakafu.

Daktari akasema kwa Kiswahili, "Mama, usimsugue shingo, na umpunguzie sukari na mafuta."

Nikaanza kutafsiri.

Nilisema weusi ule si uchafu, unatoka ndani, na jiwe linamwumiza bure. Nilisema mawese yawe kijiko, soda iwe ya sikukuu, andazi lisiwe kifungua kinywa cha kila siku. Nilisema atembee. Nikatoa kanga kwenye mfuko, nikashika ncha, nikasema pindo kuwa fupi si mtoto kupungua mwili, na wala si hukumu, ni ishara tu kwamba nguo inahitaji kutunzwa. Nilisema kinachomnyemelea ndicho kilichomchukua mama yake. Nilisema huyu bado yuko mlangoni na anaweza kurudi nyuma. Nilisema tunakuomba.

Daktari hakuwa amesema tunakuomba.

Mabukwe alikuwa anaitazama kanga. Aliijua ya nani. Akanyoosha mkono, nikampa, akaviringa uzi mmoja kwenye kidole.

"Mwambie daktari," akasema kwa Kiha, macho kwenye kanga, "Kiswahili nimekisikia miaka mingi kambini Mtabila. Yeye kasema machache. Mkalimani wake kasema mengi."

Nikatafsiri kama alivyosema. Daktari akanitazama, kisha akatazama nje.

Mabukwe akaendelea, na alikuwa anamwambia daktari, si mimi. Mimi nilikuwa mdomo tu. Alisema shingo aliisugua kwa sababu ya watu. Mtoto aliyefiwa akionekana na shingo nyeusi, watasema yatima haogeshwi. Kila Jumamosi mtoto alilia na yeye alilia, na hakuna aliyejua kwamba wanalia bure.

Halafu akasema la mwisho, na hilo nalo nililazimika kulisema kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa sababu ndiyo kazi. Nikasema:

"Binti yangu alikufa akiwa mwepesi. Nilimnyanyua kitandani mwenyewe, alikuwa na uzito ule ule niliombeba nao kambini akiwa mdogo. Nikaapa huyu hatakuwa mwepesi."

Mkalimani hana maneno yake. Nimelisema hili mara nyingi. Leo nilisema binti yangu na nilikuwa namsema mke wangu, na sauti yangu haikukatika, na Yusta alikuwa ananitazama.

Daktari akamgeukia mabukwe. Akasema, "Mwambie hatutaki awe mwepesi. Tunataka adumu."

Hilo nililitafsiri bila kuongeza neno.

Mabukwe akamuuliza daktari mtoto ale nini sasa. Wakazungumza maharage, lengalenga ambayo ni mchicha wa huku, samaki wadogo, viazi vya kuchemsha. Wakati huo hakunihitaji, alimjibu kwa Kiswahili chake cha kambini, na hakuna aliyecheka. Tulipoinuka kuaga, soda ya Yusta ilikuwa bado imefungwa mkekani. Kanga hakunirudishia. Sikuiomba.

Jumapili, 6 Julai

Nimerudi kwangu Kasulu. Nyumba kimya. Jogoo nimempa Mama Salma.

Nilidhani ningelia. Nilikaa tayari kabisa, kitandani, mlango nimefunga. Hakikuja kitu. Nikafua mashati.

Jumatano, 16 Julai

Watafiti wameondoka leo. Daktari alinishika mkono, akasema mimi ni mkalimani mbaya na baba mzuri. Sijui kama nusu zote mbili ni kweli. Nikampigia mabukwe kumjulisha kwamba daktari ameondoka na hatarudi. Akasema amesikia. Akasema safari njema kwake.

Daftari za darasa la pili zinangoja kusahihishwa.

Jumapili, 3 Agosti

Upepo mchana kutwa. Vumbi limeingia hadi kwenye kitabu cha sala.

Mabukwe alipiga baada ya ibada. Hakurefusha salamu. Akasema mwambie daktari mtoto jana alikula maharage na lengalenga, mawese kijiko. Mwambie alilia anataka andazi, nikampa nusu. Mwambie jiwe nimelitupa, shingo naiosha kwa kiganja. Mwambie tunakwenda kisimani pamoja na kurudi, na anayehema ni mimi. Ile kanga nimeipiga pindo kwa mkono, anajifunga nayo akitoka kuoga.

Nikasema daktari amesikia. Nikasema daktari anasema nusu andazi si neno.

Daktari yuko Moshi kwake. Mabukwe anajua na mimi najua kwamba anajua.

Nilidhani amemaliza, nikawa nasubiri aage. Hakuaga.

"Na muulize daktari," akasema, "huyo mkalimani wake anakula?"

Nilikuwa nimekaa mezani. Mbele yangu kikombe cha chai ya rangi, imepoa. Simu ilikuwa inahesabu pesa na yeye hakukata.

Nikamwambia kwamba daktari anasema hapana, hali chakula vizuri.

Akasema basi daktari amwambie apike, na Jumamosi aje, mtoto anamuuliza. Akakata.

Sufuria ilikuwa nyuma ya mlango, chini ya gunia. Nikaisuuza. Nikabandika maji ya ugali.